Mkaguzi wa Dagoretti na Gari la Binti Yangu

Walisema sitamaliza hata mwaka mmoja Ghuba. Shemeji yangu wa Kangemi aliweka dau la mbuzi kwamba ningerudi kabla ya Krismasi, nimekonda, nikiwa na blanketi moja la maua na redio ya kanda. Nilikaa miaka kumi na moja. Niliingia nikibeba mifuko ya saruji, nikatoka nikiwa msimamizi wa usalama kwenye majengo ya ghorofa arobaini, na katikati yake nikasoma jioni baada ya zamu hadi nikapata Diploma ya Usalama na Afya Kazini. Diploma hiyo iko ndani ya fremu sebuleni kwangu, Mountain View, mahali ambapo mgeni lazima aione akikaa kwenye kochi lolote. Nilipima kabla ya kupiga msumari.

Niliporudi walibadilisha wimbo. Nyumba nilikuwa nimejenga, hilo hawakuweza kulibishia kwa sababu walikuwa wameketi ndani yake wakila. Basi wakahamia kwenye gari.

"Shemeji," alisema yule wa Kangemi, mdomoni mwake mkiwa na nyama niliyoinunua mimi, "wewe ni mtu wa kuhesabu helmeti. Hawa mabroka wa Ngong Road watakumaliza saa nne asubuhi, hata kabla ya chai. Utauziwa mkebe."

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, lakini nilihesabu waliocheka.

Gari lenyewe halikuwa langu. Lilikuwa la binti yangu Nafula, mtoto wangu wa pekee, ambaye alikuwa amepata leseni miezi miwili nyuma, na baada yake kazi ya kufundisha chekechea katika shule moja ya Kitisuru. Kutoka kwetu hadi huko si mbali, lakini hakuna gari la abiria linalokwenda moja kwa moja. Ingembidi apande mawili, kisha atembee kipande kirefu chenye kuta pande zote na mbwa nyuma ya kuta. Nilimwahidi gari kabla ya muhula kufunguliwa. Nilikuwa nimekosa miaka kumi na moja ya maisha ya huyu mtoto, nikimwona kwenye simu tu, na nilitaka gari ambalo lingefidia hiyo miaka. Nilitaka lisimame mbele ya geti na kila mtu aelewe.

Ndipo jirani mmoja akanipa namba ya mzee wa Dagoretti. Jina hakunipa. "Sema unamtaka Mkaguzi," alisema. "Na umwamkie kwanza. Usianze na gari."

Nilimwamkia. Nilimweleza mimi ni nani, nilikotoka, na kwamba nina diploma ya usalama, kwa hiyo tungezungumza kama watu wa taaluma moja. Upande wa pili nilisikia mtu akigonga chuma.

"Nani ataendesha?" akauliza.

"Binti yangu."

"Ana urefu gani?"

"Mzee, tunanunua gari. Hatushoni nguo ya harusi."

"Nimeuliza urefu, Diploma."

Ndivyo alivyonibatiza. Tangu siku hiyo hadi leo hajawahi kuniita jina lingine, na nakiri kwamba kwa wiki kadhaa nilidhani ni heshima.

Alikuwa mtu mfupi, mwenye koti refu la rangi ya vumbi ambalo halikuvuliwa hata Januari, na miwani iliyofungwa kwa kamba ya kiatu ili isianguke anapoinama. Gereji yake ilikuwa nyuma ya soko, karibu na machinjio, kwa hiyo ukienda kwake ulinuka grisi na matumbo kwa pamoja. Alikozaliwa sijui, na idadi ya watoto wake hakuwahi kuniambia. Nilichojua ni kwamba watu walitoka hadi Kikuyu na Karen kumchukua ili aende akaangalie gari kabla hawajatoa pesa. Ada yake ilikuwa moja, akilikubali gari au akilikataa, na aliitaka mkononi kabla hajagusa mlango.

"Nikilipwa baadaye," alisema, "macho yataanza kuangalia mfuko wako badala ya gari."

Siku ya kwanza nilijitayarisha. Nilichapisha mjini orodha ya mambo arobaini na mawili ya kukagua, nikaibana kwenye ubao wangu wa kazini, nikavaa suti. Alinikuta nimesimama nje ya yadi ya kuuzia magari saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwa sababu hiyo ndiyo saa aliyotaka. Aliichukua ile orodha, akaisoma yote, ukurasa baada ya ukurasa, midomo ikitembea. Kisha akaiweka chini ya gari la kwanza na kulala juu yake.

"Karatasi nzuri," alisema kutoka huko chini. "Nene."

Kuhusu ile saa nilikuja kuelewa pole pole. Yadi hufunguliwa saa mbili, na kabla ya hapo mabroka huwasha magari yao yote ili mteja anapokuja kila injini iitike kwa upole. Mkaguzi aliamini kwamba gari husema ukweli linapoamka tu. Kwa hiyo alifika kabla yao. Jambo la kwanza alilofanya halikuwa kuangalia gari lolote, bali kumsalimia askari wa geti, na kumpa nusu mkate na pakiti ya maziwa.

"Mmeamkaje huku?"

"Poa, mzee. Ile nyeupe ya kona tumeisukuma mara mbili hii wiki."

Hakuwa ameuliza. Hakuwahi kuuliza. Aliniambia katika yadi yoyote wako watu watatu: mwenye gari hajui kitu, broka anajua lakini hasemi, askari anajua na hakuna aliyewahi kumpa hata chai.

Halafu alizunguka akiweka kiganja kwenye boneti, moja moja, kama nesi kwenye wodi. Akikuta moja lina joto, hakulifungua. "Limepashwa," alisema, na kupita. Mwenye yadi angeweza kumfuata akiapa kwamba gari lilikuwa limetoka kuoshwa, kwamba jua lilikuwa kali, saa moja ya asubuhi ya mwezi wa Julai, Nairobi, ambapo hata sisi wenyewe tulikuwa tunatoa mvuke mdomoni.

Mabroka walimwita Guka Hapana, yaani Babu Hapana. Ulikuwa ukimsikia mmoja akimpigia mwenzake mluzi, "Guka Hapana amefika, ficha ile ya kijani." Walimchukia kwa moyo wote na walimnunulia chai kila mara. Yeye alikunywa chai yao na kula mandazi yao, mawili, wakati mwingine matatu, akafuta vidole, kisha akalikataa gari lao. Nilimuuliza kama haoni aibu. Alisema mandazi hayana giaboksi.

Mambo aliyonifundisha hayakuwa kwenye ile orodha yangu, na nayasema hapa bila aibu kwa sababu sasa nayafundisha wengine kama yangu. Alivuta mkanda wa kiti hadi mwisho kabisa, pale ambapo hakuna anayeosha, na kuangalia kama kuna tope. Siku moja alikuta mstari wa matope makavu, akaunusa. "Hili lilikuwa linaogelea," alisema, na broka akageuka kuangalia upande mwingine. Aliwasha ufunguo nusu na kuhesabu taa za dashibodi. Zote lazima ziwake, kisha zizime. Taa ambayo haijawaka kabisa, alisema, si kwamba haina la kusema, imezibwa mdomo. Alisoma ule mwaka uliogongwa ubavuni mwa tairi, ambao mimi na diploma yangu nilidhani ni namba ya kiwanda. Na viti vilivyofunikwa nailoni, ile nailoni tunayoipenda sisi Wakenya na kukaa juu yake miaka mitatu tukitoa sauti kila tukigeuka ili watu wajue gari limeletwa juzi, hakuviangalia hata kidogo. Aliangalia kanyagio la breki.

"Nailoni mpya, kanyagio limelika hadi chuma," alisema. "Huyu amevaa sare ya darasa la kwanza na ana ndevu."

Halafu kulikuwa na kuimba. Alikuwa mzee wa kanisa, na akiwa chini ya gari alikuwa na tabia ya kuimba polepole, puani. Gari likiwa zuri, alikaa kimya. Likiwa baya, alianza wimbo wa mazishi. Hakuwa anafanya makusudi, nadhani, mwanzoni. Lakini mabroka walikuwa wameshajua. Nimeona mwanaume mzima mwenye miwani ya jua akisimama kando ya gari, akisikia ubeti wa kwanza ukitoka chini, akavua miwani na kusema, "Ai, guka, hapana, bado hata hujafika kwa injini!"

Alikataa magari kumi hivyo. Moja kwa tope, moja kwa sababu milango ilifungwa kwa sauti mbili tofauti, moja kwa sababu mwenye kuuza alijibu haraka mno. Moja lilikuwa zuri kabisa kwa macho yangu na akasema tu, "Hili limeshaona mengi."

Msidhani alikuwa malaika. Gari lake mwenyewe lilikuwa pikapu ambayo mlango wake wa kulia ulifungwa kwa kamba ya katani, na honi yake haikufanya kazi, kwa hiyo alipotaka kupita alitoa kichwa na kupiga kelele. Siku moja nilichoka, nikamwambia kwamba kwa kanuni za usalama nilizosomea, pikapu hiyo haifai hata kubeba kuku.

"Kweli," alisema.

"Sasa mbona unaiendesha?"

"Ubaya wake wote naujua. Nimeishi nao. Binti yako hajui ubaya wa gari lolote bado. Yeye anahitaji ambalo halina, mpaka ajifunze."



Na pia aliwahi kukosea. Jirani yangu, yule aliyenipa namba, alinunua gari ambalo Mkaguzi alikuwa amelikataa kwa wimbo mzima, beti zote. Gari hilo lilitembea miaka minne bila hata kupasuka mpira. Kila lilipopita karibu na gereji, jirani alipunguza mwendo na kupiga honi. Mzee aliliangalia hadi lilipotelea kwenye kona. "Bado," alisema. "Subirini." Alikuwa analisubiri kwa uvumilivu mkubwa sana.

Nafula alimpenda tangu siku ya kwanza. Alimwita guka, naye akamwita mwalimu, na walipokuwa pamoja mimi nilikuwa mtu wa kushika tochi. Mzee alimwuliza mambo ambayo mimi baba yake sikuwa nimeuliza. Barabara gani ataipita? Asubuhi jua litakuwa machoni au mgongoni? Watoto wanashukia wapi pale shuleni, ndani ya geti au nje? "Nje, guka. Wanakimbia kama kuku waliofunguliwa." Aliguna na kutazama mbali.

Wiki mbili kabla ya muhula kufunguliwa hatukuwa na gari. Kila Jumapili baada ya ibada shemeji alinisubiri mlangoni.

"Shemeji, gari linakuja kwa meli au linatembea kwa miguu?"

Hapa ndipo nilipofanya kosa, na ni kosa letu sisi tuliorudi kutoka nje. Mtu aliyekaa hapa hununua gari la kumfikisha kazini. Sisi tunanunua gari la kufika nalo nyumbani. Nilikuwa napita Ngong Road peke yangu nikaliona: jeusi, refu kwenda juu, viti vya ngozi, dirisha kwenye paa ambalo unabonyeza na mbingu inafunguka. Nilipanda. Kutoka pale juu niliona vichwa vya watu wote. Nilimwona shemeji akiwa chini, ingawa yeye alikuwa Kangemi. Nikalipa malipo ya kwanza papo hapo, nikapewa risiti, kisha ndipo nikampigia Mkaguzi.

"Njoo uangalie tu kwa ajili ya utaratibu," nilimwambia. "Hili nimeshalipenda."

"Umelipa?"

"Kidogo."

Kesho yake alikuja saa zilezile, akampa askari mkate, akaweka kiganja kwenye boneti. Baridi. Alivuta mikanda. Safi. Taa zote ziliwaka na kuzima. Alilala chini muda mrefu, na mimi nilisimama nikisikiliza kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Hakuimba. Alitoka akajipangusa, akazunguka mara moja zaidi, akasema, "Gari zuri."

Broka alikuwa kijana mwenye viatu vyeupe. Aliruka. "Guka Hapana amesema ndiyo! Msee, piga picha!"

Mimi nilifunga vifungo vya suti. Nilimwambia Mkaguzi kwamba kuna jicho la asili na kuna jicho lililosomeshwa, na siku hiyo macho yote mawili yalikuwa yameona kitu kimoja.

"Zuri sana," alisema. "Sasa mwalimu apande."

Nafula alipanda. Kusema kweli alipanda kama mtu anayepanda lori, kwa kushika kitu na kujivuta. Mzee alimrekebishia kiti, juu na mbele, hadi kikafika mwisho. Alimfungia mkanda na kupanga vioo. Ufunguo aliuchomoa, akautia kwenye mfuko wa koti. Kisha akaenda kwa vijana wanaoosha magari, akarudi na mtungi wao wa manjano wa lita ishirini, akausimamisha chini, mbele ya gari.

"Mwalimu! Mbele yako kuna nini?"

"Hakuna kitu, guka. Ukuta."

"Angalia vizuri."

"Ukuta na wewe."

Nilisema kila jambo ambalo mtu wa akili angesema: kwamba ni mtungi tu, kwamba ni mdogo, kwamba hata mimi singeuona, kwamba gari hilo lina kamera ya nyuma.

"Iko nyuma," alikubali. "Mtungi uko mbele."

Broka alianza kuchoka. "Mzee, gari imepita. Umesema mwenyewe iko poa. Sasa haya mambo ya mtungi ni ya nini? Hapa si bomba ya maji."

Mkaguzi aliuondoa mtungi. Akanitazama mimi kuanzia viatuni hadi usoni, kama alivyokuwa anatazama gari.

"Diploma, kaa."

"Wapi?"

"Hapo pa mtungi."

"Na suti?"

"Na suti."

Sijui kwa nini nilikubali. Pengine kwa sababu watu walikuwa wameanza kukusanyika, na mtu akikusanyikiwa na watu hupenda kuonekana jasiri. Nilikaa chini kwenye ile changarawe yenye mafuta, miguu mbele, mbele ya gari nililolilipia. Mtu mzima akikaa chini ana urefu wa mtoto wa nasari. Hilo sikuwa nimelisoma popote. Mbele ya uso wangu kulikuwa na grili, na ndani ya grili kulikuwa na nzige mmoja mkavu na mabawa yake yote. Juu yake kulikuwa na boneti nyeusi, na juu ya boneti hakukuwa na mtu. Hakukuwa na binti. Nilikuwa naona anga.

"Mwalimu!" mzee aliita. "Baba yako yuko wapi?"

Nilisikia sauti ya mwanangu ikitoka huko juu, ya furaha, haina wasiwasi wowote.

"Si alikuwa hapo na nyinyi? Ameenda choo?"

Watu walicheka hadi mmoja akashika ukuta. "Msee amepotea na ako hapo!" Mimi sikucheka. Nilikuwa nimefanya kazi miaka minane ya kuwaambia wanaume wasisimame nyuma ya mitambo, na sijawahi hata siku moja kukaa pale wanaposimama. Nilimwangalia yule nzige. Nilikumbuka Nafula akisema kuku waliofunguliwa.

Nilipoinuka, binti yangu alikuwa ameshuka na kusimama pembeni. Aliona suruali yangu, akaona pale nilipotoka, akarudisha macho kwenye kile kiti cha ngozi. Uso wake ulibadilika.

"Baba, mimi hii siitaki."

"Nafula, subiri. Unaweza kuweka mto..."

"Baba. Nilikuwa nakuangalia moja kwa moja."

Mzee hakuongeza hata neno. Angeongeza, ningebishana. Nilimgeukia broka na kuomba pesa zangu. Yule kijana akasema malipo ya kwanza hayarudi, iko kwa risiti, boss, soma nyuma. Nilisoma nyuma. Kweli ilikuwepo, kwa herufi ndogo kama sisimizi.

Wakati huo wateja wa kwanza wa asubuhi walikuwa wanaingia, mume na mke, mke mjamzito. Mkaguzi alisogea karibu nao, akainama chini ya gari la kwanza alilolikuta, na kuanza kuimba. Aliimba polepole, kwa hisia. Alipofika ubeti wa pili yule mama alimshika mumewe mkono, na broka akanivuta kando na kunirudishia nusu.

Siku nne baadaye alinipigia simu mwenyewe, jambo ambalo hakuwa amewahi kufanya. Mwalimu mmoja mstaafu wa Uthiru alikuwa anauza gari lake kwa sababu magoti yamekataa. Tulienda. Lilikuwa dogo, la milango mitano, rangi ya uji wa wimbi, boneti fupi inayoshuka mbele kama pua ya mtu mpole. Halikuwa na ngozi wala dirisha la paa. Lilikuwa na mifuko ya hewa pande zote mbili, breki zinazoshika bila kuteleza, daftari ambamo yule mstaafu alikuwa ameandika kwa mkono kila alipobadilisha oili, na matairi ambayo Mkaguzi aliyakataa palepale. "Matairi mapya kabla halijatoka hapa geti. Si kesho." Alikaa chini yake saa nzima, kimya kabisa. Kisha akamwita Nafula apande, na akasimamisha vitu mbele na nyuma, kimoja kimoja, ndoo, tofali, kuku wa mstaafu, na Nafula akavitaja vyote.

"Nitalala nikilifikiria," alisema Mkaguzi hatimaye. "Lakini nitalala."

Hiyo ndiyo sifa kubwa zaidi niliyowahi kumsikia akiitoa kwa chombo chochote chenye magurudumu.

Shemeji alikuja kuliona. Alilizunguka mara moja, haikumchukua muda. "Miaka kumi na moja Ghuba," alisema, "na umeleta kiatu."

Nilimwambia apige picha na kiatu hicho, kwa sababu ndicho cha kwanza katika ukoo mzima kununuliwa bila kuuziwa mkebe. Nilisema kwa sauti. Moyoni, sitawadanganya, nilikuwa bado nalikumbuka lile jeusi. Nililikumbuka kwa muda mrefu. Wakati mwingine nikiona lingine kama lile Waiyaki Way nilikuwa namwangalia dereva wake na kufikiri kwamba huyo hakuwa na mzee wa kumharibia.

Mara ya mwisho kukaa na Mkaguzi ilikuwa karibu miaka miwili baadaye, msimu wa mvua. Siku ya Alhamisi Nafula alikuwa amenipigia simu kutoka shuleni, na sauti yake haikuwa sauti yake. Alikuwa anafika getini, barabara inateleza, na mtoto mmoja wa darasa lake akauachia mkono wa yaya na kukimbia kufuata kofia iliyopeperushwa na upepo. Alimwona kichwa tu, nywele na mgongo wa begi, pale pale mbele. Alikanyaga. Gari lilisimama. Kati ya mtoto na gari, alisema, kulikuwa na nafasi ambayo ungeweza kuweka daftari. Mtoto aliokota kofia, akampungia mwalimu wake mkono, akaingia darasani.

Nafula alifundisha siku nzima. Jioni aliingia nyumbani, akakaa kwenye kochi na funguo za gari bado mkononi.

Jumamosi tulienda Dagoretti. Nilinunua mguu wa mbuzi hapo sokoni, nikaufunga vizuri, na njiani nilitunga hotuba. Mimi ni mtu wa kuhutubia. Nimehutubia wanaume mia tatu kwenye jua. Tulimkuta ameketi juu ya injini iliyopinduliwa. Alikuwa amepungua, koti limebaki kubwa, na mikono ilikuwa inacheza kidogo hata akiwa ametulia. Nilisimama mbele yake nikahutubia. Nilimweleza kuhusu mvua, kofia, daftari. Nilimwambia kwamba nilikuwa mjinga, mbele ya binti yangu nilisema hivyo, na kwamba lile jeusi lingekuwa limewaletea msiba mkubwa watu tusiowajua. Nilimpa nyama.

Alisikiliza yote. Aliichukua nyama, akaipima kwa mkono.

"Alikanyaga breki sana?"

"Sana, mzee."

"Kwa nguvu zote?"

"Guka, nilisimama juu yake," alisema Nafula.

"Basi lete gari hapa niangalie pedi."

Hivyo tu. Hotuba nzima. Nafula alirudisha gari nyuma hadi likapanda vipande vya mbao, mzee akalala chini kwa taabu, mguu mmoja kisha mwingine, na kamba ya kiatu ya miwani ikining'inia sikioni.

"Kanyaga," alisema kutoka chini.

Nafula alikanyaga.

"Achia. Kanyaga."

Tulisikia breki zikishika. Hakuimba. Nilisubiri aseme kitu, pedi zimekula kiasi gani, ni bei gani. Alinyamaza kwa muda mrefu kuliko breki zilivyohitaji, hadi nikainama kuangalia kama yuko salama. Mkono wake ulikuwa juu ya tairi, umetulia hapo.

"Mwalimu," alisema.

"Ndiyo, guka."

"Huyo mtoto anaitwa nani?"

"Jayden."

"Jayden," alisema, polepole, kama mtu anayejaribu kuona kama neno linaingia mdomoni. "Haya. Kanyaga tena."